Bibi Aliposahau Kiswahili

Bibi yangu mzaa mama alianguka akitoka jikoni kwake, kijijini kwetu upande wa Maramba. Alipoinuliwa, mkono na mguu wa kulia havikuwa na nguvu, na Kiswahili kilikuwa kimemtoka. Mjomba akamleta Tanga kwa gari la kukodi. Mimi na mama tukampokea hospitalini, na pale ndipo nilipotambua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria maishani: mama yangu na mama yake hawakuwa na lugha moja.

Daktari alikuwa dada mdogo tu, mpole. Aliinama akamwuliza, "Bibi, unasikia maumivu wapi?"

Bibi alimtazama, akajibu. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja, lakini sauti ilikuwa yake, na alisema maneno mengi, kwa utaratibu, kama mtu anayejua anachotaka. Daktari akasubiri amalize, kisha akamgeukia mama.

"Anasemaje?"

Mama akajifunga khanga upya. "Sijui, daktari."

"Si mama yako mzazi huyu?"

"Ni mama yangu."

"Sasa hiyo ni lugha gani?"

"Kidhaiso."

Daktari hakuwahi kulisikia neno hilo. Akamwita muuguzi, mwenyeji wa Mkinga, akidhani ni Kidigo cha ndani ndani. Muuguzi akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa. "Hiki si chetu," akasema. Daktari akatueleza kwamba kiharusi kinaweza kuifuta lugha uliyojifunza baadaye na kukuachia ile uliyoanza nayo. Huenda Kiswahili kingerudi, huenda kisirudi. Mama aliitikia kila kitu bila kuuliza swali. Tulipotoka nje aliniambia, "Nimeona aibu leo."

Wadhaiso ni watu wachache. Tuna vijiji vichache chini ya milima ya Usambara. Mgongoni kwetu wako Washambaa, mbele yetu Wadigo, na Kiswahili kimeenea kote. Watu hutuita Wasegeju wa bara, na sisi wenyewe hatubishi sana, kwa sababu ukibisha itabidi ueleze, na kueleza kunachosha. Lugha yetu hakuna aliyeipiga marufuku. Iko kama mtu mwembamba aliyekaa katikati ya watu wanene kwenye benchi moja: hasukumwi na mtu, lakini anadondoka.

Katika familia yetu ilidondoka kwa mama. Babu na bibi waliisema wao kwa wao, hasa wakitaka watoto wasielewe. Na watoto walisemeshwa Kiswahili. Sokoni palikuwa na Kidigo, na wanawake walioshuka milimani na mboga walikuja na Kishambaa chao, kwa hiyo mama alikua na lugha tatu kamili. Kidhaiso alikijua cha kufukuzia kuku na cha kukemewa. Mimi niliyezaliwa Ngamiani, hapa Tanga mjini, katika nyumba ya mama ninakoishi na kushona hadi leo, sikukijua hata hicho.

Hospitali walimruhusu bibi baada ya hali yake kutulia, tukamweka chumba cha mbele, kinachopakana na ukumbi. Cherehani yangu iko barazani, kwa hiyo nilikuwa namsikia siku nzima. Asubuhi alikuwa mtulivu. Kunako alasiri, tukishamlaza apumzike, alianza kuomba kitu. Alikuwa na sentensi moja fupi aliyoirudia. Tulimletea maji, akayasukuma kwa mkono wa kushoto. Tukaleta uji, tukaleta shuka, tukafungua dirisha, tukalifunga. Mama alimwekea kisomo kwenye simu. Bibi alisikiliza aya chache, kisha akarudia ile sentensi huku machozi yakimtoka. Ilikuwa hivyo kila siku. Mama alianza kwenda uani saa hizo, akikaa karibu na mtungi akijifanya anachambua mchele.

Jirani yetu, mwenyeji wa Tongoni, alikuja kumjulia bibi hali akamkuta mama katika hali hiyo. Jirani huyo anasema Kimtang'ata, Kiswahili cha kale cha pwani yetu, na sisi tulikuwa tumezoea kumtania nacho.

"Usijilaumu," alimwambia mama. "Mimi wanangu wananisahihisha. Nimewazaa, nimewafundisha kusema, na sasa wananiambia nasema vibaya."

"Wewe angalau wanakuelewa," mama akajibu.

Tulijaribu kumpata mkalimani. Wasemaji wapo, sitaki kuwazika watu wakiwa hai, na hapo mjini tulimpata mzee mmoja anayeswali msikiti wa barabara ya jirani. Alikuja kwa moyo mweupe, akakaa kwenye kiti ukumbini, mkabala na mlango wa chumba, akamsalimu bibi kwa lugha yao. Bibi akavuta khanga akajifunika uso. Mzee akaongeza neno, bibi akanyamaza kimya. Tulikuwa tumesahau kwamba yeye ni mwanamke aliyelala kitandani nusu amevaa, na huyu ni mwanamume asiyemjua. Mzee mwenyewe ndiye aliyeelewa. Alisimama akasema, "Mtafutieni mwanamke mwenzake," akaenda zake.

Nikampigia mjomba. Alinitajia wanawake wa rika la bibi waliobaki kijijini. Mmoja alikuwa kiziwi, mwingine haoni na hawezi kusafiri. Hakutaja mwingine, nami nikajua nani amebaki.

Amebaki bibi mdogo, mke wa pili wa babu.

Ni lazima niseme kilichotokea kati yao. Babu alimjengea bibi mdogo nyumba ya udongo ng'ambo ya kijito, na masika moja ikaanguka. Babu akamhamishia katika nyumba kubwa, ya bibi. Wanawake wale wawili waliishi chini ya paa moja bila kupendana, ila kwa adabu. Babu alipofariki, kabla hata ya arobaini, bibi alitoa mabunda ya vitu vya mwenzake akayaweka nje ya mlango. Bibi mdogo akaenda kukaa eda kwa kaka yake, kama mwanamke asiye na kwake. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Waliteka maji kisima kimoja, walisimama safu moja msibani, na hawakuambiana hata neno. Mama alikuwapo siku ile ya mabunda, na alisimama upande wa mama yake.

Kwa hiyo nilipomtajia, alisema, "Huyo hatakanyaga nyumba yangu."

"Sasa bibi atasema na nani?"

"Atapona."

Siku iliyofuata, alasiri, sentensi ile ilianza tena. Mama alisimama mlangoni mwa chumba, mimi nikiwa na kitambaa cha mteja mkononi. Alisema bila kunitazama, "Nenda basi. Lakini usimwambie nimekutuma mimi."

Nilimkuta bibi mdogo nyuma ya nyumba ya kaka yake akimenya muhogo. Nilikuwa sijamwona miaka mingi. Alikuwa mwembamba, mrefu, na khanga yake aliifunga juu sana kifuani kama wanawake wa zamani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Aliniangalia usoni. "Wewe ni wa Ngamiani. Una paji la uso la babu yako. Mama yako kakutuma?"

"Hapana. Nimekuja mwenyewe."

"Muongo. Kaa."

Nikakaa. Nikamweleza yote: kuanguka, hospitali, Kiswahili kupotea, yule mzee wa msikitini. Alisikiliza huku kisu kinaendelea na kazi. Nilipofika kwenye sentensi ya alasiri akasimamisha kisu.

"Inasemaje?"

Nilijaribu kuitamka kama nilivyoisikia. Alikunja uso, akaniambia nirudie, nikarudia. Akacheka mpaka akaweka muhogo chini.

"Sijui umesema nini," alisema. "Hiyo si lugha ya binadamu." Akafuta macho. "Bado ananitukana?"

"Hatujui, bibi. Hatuelewi anachosema."

"Basi yawezekana ananitukana."

"Yawezekana."

Jibu hilo lilimpendeza, sijui kwa nini. Alimaliza kumenya, akampa wifi yake ungo, akaingia ndani akatoka na mto wake wa usufi. Alisema hawezi kulalia mto wa mtu mwingine. Njia nzima hadi Tanga hakuniuliza lolote juu ya bibi. Aliniuliza bei ya kushona gauni.

Mama alitufungulia mlango. "Shikamoo, mama mdogo," alisema, na sauti ilikuwa kavu.

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi?"

Alivua viatu, akaingia chumbani, akakaa mwisho wa kitanda, upande wa miguu. Bibi alikuwa macho. Kisha bibi mdogo alisema kitu, maneno machache, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyetoka kisimani sasa hivi.

Bibi akajibu. Hakukoma. Alisema, akasema, mkono wa kushoto ukipanda na kushuka, na mara mbili bibi mdogo alifungua mdomo kumkatiza akashindwa. Mama alinishika mkono. Sote wawili tulifikiri ni ugomvi wa mabunda. Bibi alipomaliza, bibi mdogo aligeuka akatutazama, na nilivyomwona hakuwa na hasira hata kidogo.

"Anasema mnamlaza juu ya mkono wake," alisema.

"Mkono gani?" mama akauliza.

"Huu uliokufa. Mnadhani umekufa, hausikii. Bega linamuuma. Kila mkimlaza mchana mnamgeuzia upande huu ili aangalie mlango, na bega linamuuma, na anawaambia mumgeuze, na nyinyi mnamletea uji."

Mama alikwenda akamgeuza. Alimgeuza polepole, akamwekea mto chini ya kwapa kama bibi mdogo alivyoelekeza, kisha akapiga magoti sakafuni akaweka kichwa kitandani akalia. Bibi alimgusa kichwani kwa mkono wake mzima. Akasema kitu.

"Anasemaje?" mama aliuliza, uso bado umefichwa.

"Anasema uji wenyewe hauna chumvi."

Bibi mdogo alikuja kwa siku chache na akakaa mpaka mwisho. Alilala chumba kimoja na bibi, kwenye mkeka, juu ya ule mto wake. Asubuhi alitupa habari za usiku kama mtangazaji: amelala vizuri, ameota kaka yake, anataka kuogeshwa mapema. Nilianza kujifunza maneno niliyoyahitaji. Geuka. Kunywa. Inauma? Bado kidogo. Tayari. Nimejaribu kuyaandika kwa herufi za Kiswahili na nikiyasoma yanakuwa maneno mengine, kwa hiyo nimeacha. Lakini bibi alikuwa akinielewa. Mara ya kwanza nilipomwambia ageuke, akageuka, nilikwenda barazani nikakaa kwenye cherehani bila kushona.

Ugomvi wa mabunda nao ulikuja, maana usingeweza kukosa. Mchana mmoja sauti zilipanda huko chumbani hadi wateja wangu wakanyamaza. Tulisikia jina la babu, tukalisikia tena. Kisha zikashuka, na baadaye kicheko cha bibi mdogo, na kitu kama kicheko cha bibi. Mama aliingia.

"Mnazungumza nini?"

"Mambo ya watu wazima," bibi mdogo akajibu.

"Mama mdogo, mimi nina wajukuu."

"Basi ungejifunza lugha."

Neno hilo lilimchoma mama. Nilimwona akinyooka mgongo. "Ningejifunza kwa nani?" alisema. "Nani alinisemesha? Nilikuwa nikisogea mnanyamaza. Nilikuwa nikijibu kwa Kidhaiso naambiwa sema vizuri. Muulize yeye. Muulize kwa nini."

Bibi mdogo akamgeukia bibi, akauliza. Bibi alijibu akimtazama mama.

"Anasema alikwenda kliniki mjini akiwa na mimba yako. Walipomwita hakuelewa, akakaa tu. Wakaja kumwita tena, akajibu kwa lugha yake, na wanawake wote kwenye benchi wakacheka. Walimwiga. Anasema alirudi nyumbani akamwambia baba yako kwamba huyu aliye tumboni hatachekwa na mtu."

Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakusema kwamba ameelewa, wala kwamba amesamehe. Alimwuliza tu bibi mdogo, "Na wewe ungewasemesha wako?"

"Mimi sikujaliwa kuzaa," bibi mdogo akasema. "Ningewasemesha nani?"

Wote tulilijua hilo, lakini sikumbuki mtu kulisema mbele yake hata siku moja.

Bibi alifariki asubuhi, mama akiwa anamsuka nywele. Kiswahili hakikurudi, isipokuwa salamu na majina ya Mwenyezi Mungu, kama hayo ni Kiswahili. Kabla ya hapo, bibi mdogo alikuwa ametueleza kwamba mwenzake amemwomba amwoshe yeye, asioshwe na mtu mwingine kwanza. Mama aliuliza kama hayo ni maneno ya bibi kweli au ni yake mwenyewe. Bibi mdogo hakukasirika. "Hutajua," alisema. "Itabidi uniamini."

Mama akaamini. Tulimrudisha kijijini, na bibi mdogo aliongoza kuosha katika nyumba ile ile aliyotolewa mabunda. Mimi nilikuwa mmwagaji maji. Wanawake wengine walisema dua zao, na bibi mdogo naye alizisema, lakini katikati alikuwa akizungumza na maiti kwa sauti ya chini, kwa Kidhaiso, kama anayemwelekeza mtoto. Mengi hayakunifikia. Tulipofika wakati wa kumlaza upande wa pili, alimwambia ageuke, na hilo nililielewa.

Baada ya msiba nilipata hamu ya kujifunza. Nilikuwa nikienda kijijini nikipata nafasi, nabeba sukari na majani ya chai, nakaa na bibi mdogo. Si mwalimu mzuri. Ukimwuliza neno anakupa hadithi nzima, kwa kasi, kisha anauliza kama umeelewa, ukisema hapana anairudia kwa kasi ile ile. Watoto wa nyumba ile wanamjibu kwa Kiswahili na Kidigo, naye hawalazimishi. Nilimwuliza kwa nini hawasemeshi. Alisema anawasemesha, wao hawana haja nayo, na hawezi kugombana na watoto kila siku juu ya jina la kijiko. Nilirekodi maongezi yake kwenye simu nikayasikiliza barazani huku nashona, na ninachokishika ni vipande tu. Nikiri kwamba lugha yangu ya asili ni lugha ya chumba cha mgonjwa. Naweza kumgeuza mtu, kumnywesha na kumwuliza panapouma. Siwezi kununua samaki.

Aliyenishangaza ni mama. Alianza kumpigia bibi mdogo simu kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Mwanzoni walisalimiana kwa Kiswahili na kuulizana hali ya mvua. Siku moja nilimsikia mama akijaribu sentensi, polepole, kila neno limesimama peke yake, na upande wa pili bibi mdogo akicheka kwa sauti kubwa. Mama hakukata simu. Alisema, "Haya, isahihishe." Ikawa hivyo kila wiki. Alianza na zile za kukemea, alizozijua tangu utoto, akaongeza za jikoni, akafika za kusengenya, na hizo zilimwendea vizuri kuliko zote.

Mwaka jana tulialikwa harusi katika kijiji kingine cha Wadhaiso, ambako lugha ina nguvu kidogo kuliko kwetu. Mama alikuwa amejiandaa. Kwenye kundi la wanawake waliokaa benchi moja wakichambua mchele alimwona mwanamke mmoja mtu mzima, akamwendea, akamsalimu kwa Kidhaiso, akaongeza habari za safari na za familia. Yule mwanamke alisikiliza kwa heshima. Kisha uso ukaanza kumcheza, akajizuia, akashindwa, akaangua kicheko.

"Samahani, dada yangu," alisema kwa Kiswahili. "Nani amekufundisha?"

"Mama yangu mdogo."

"Hana meno?"

Mama alifikiri. "Hana ya mbele."

"Ndiyo maana! Unasema kama kizee kibogoyo. Hizi sauti zinataka ulimi uguse meno. Wewe unayo, mbona huyatumii?"

Benchi zima likacheka. Mimi nilimwangalia mama haraka, nikikumbuka kliniki, tayari kusimama tuondoke. Mama naye alikuwa akicheka, kiganja mdomoni. Aliusogeza ungo, akakaa karibu na yule mwanamke.

"Sema tena," alimwambia. "Polepole. Nionyeshe ulimi unakaa wapi."

Yule mwanamke akafungua mdomo akaonyesha. Mama akarudia. Akaambiwa bado, akarudia, na wanawake wengine wakaanza kutoa maoni, kila mmoja na lake, wawili wakabishana wao kwa wao jinsi neno linavyotamkwa. Mchele ulichelewa. Mwenye shughuli alikuja akatugombeza kwa Kiswahili, na mtu mmoja akamjibu kwa Kidhaiso neno lililowafanya wote wacheke isipokuwa mimi. Nilimvuta mama mkono nimwulize maana yake. Aliniambia nisubiri, hajamaliza.